Wakili Aliyesubiriwa na Mama

Baba alipofariki, mdogo wake alitutoa kwenye shamba la Mamboya kabla hata msiba haujapoa. Alisema mama alikuja pale kuolewa tu, hakuja na ardhi. Shamba lile walilifyeka wenyewe, mama na baba, na baba amezikwa ukingoni mwake, karibu na kijito. Mama hakubishana. Alifunga mizigo, akatuteremsha hadi Mikumi, akaanza kuwauzia chai na maandazi madereva wa malori.

"Nitalidai kwa wakili," aliniambia, "na wakili mwenyewe ni wewe. Nikifa, nilale pale pembeni ya baba yako."

Nilikuwa bado shule ya msingi. Nilipenda hesabu, sheria sikuijua hata harufu yake. Lakini mama akishaamua, ameamua.

Safari ilikuwa ndefu kupita kiasi. Sekondari, halafu jeshi la kujenga taifa, ambako tulilima hadi viganja vikaota sugu, halafu chuo kikuu Dar es Salaam, halafu mafunzo ofisini na usaili wa uwakili. Kila likizo nilimkuta kando ya jiko, macho mekundu kwa moshi, akiwatambia madereva: "Huyu ndiye wakili." Watu wazima wale waliniamkia shikamoo kwa utani, nami nikatamani ardhi inimeze.

Mwaka wa mwisho chuoni nilimweleza jambo lililokuwa likininyima raha. Kesi yake ingeanzia mahakama ya mwanzo, na huko, miaka hiyo, wakili hakuruhusiwa kumsemea mtu. Ndugu wa karibu, hakimu akikubali, aliruhusiwa.

"Tufungue sasa, mama. Nisimame kama mwanao. Nikishaapishwa kuwa wakili, basi tena."

Mama alicheka mpaka akaweka mwiko chini. "Wakili asiyeingia mahakamani! Soma umalize, mwanangu. Nataka baba yako mdogo akuone na joho."

Nilimsihi kila nilipokuja. Hakutaka kusikia. Nilikasirika, na hata leo nikikumbuka nakasirika, maana sijaona mtu mbishi kama yeye, wala sijampenda mtu kama nilivyompenda yeye.

Nikaapishwa. Mama akafungua kesi, na siku ya kusikilizwa tukapanda Mamboya pamoja, yeye amevaa kanga mpya, mimi nimebeba joho kwenye mfuko kwa sababu alinilazimisha. Hakimu alikuwa kijana wa rika langu, mpole. Aliponiona, habari zangu alikuwa nazo tayari.

"Ndugu wakili, unajua utaratibu," alisema. "Kaa nyuma."

Nikakaa nyuma. Baba mdogo alieleza yake vizuri, kwa sauti ya mtu aliyeshiba. Ilipofika zamu ya mama, aligeuka kunitazama. Alisubiri niinuke. Nilitikisa kichwa. Aligeuka tena, na safari hii nikatazama miguu yangu.

Mzee mmoja wa baraza alimuuliza, "Mama, miaka yote hii mwenzako analima, wewe umekaa kimya. Kwa nini?"

"Nilikuwa namsubiri wakili wangu," mama alijibu.

Watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, ila walicheka. Baada ya hapo mama alijibu kwa neno moja moja, na shamba likaenda kwa baba mdogo.

Njiani kurudi nilimwambia tutakata rufaa mahakama ya wilaya, Kilosa mjini, na huko nitasimama na joho langu. Alisema sawa. Hakunilaumu hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Rufaa ilikuwa haijaitwa alipougua, na alipoona hali ni mbaya alisema tusiende kumwomba nafasi ya kaburi mtu aliyemfukuza. Tukamzika Mikumi, si mbali na barabara ya malori.

Pale kaburini niliombwa niseme neno kwa niaba ya familia. Hakuna aliyenizuia. Nikasimama mbele ya watu wote, na nikashindwa kusema.