Picha za Kabati la Sinema

Enzi zetu pale Shauri Moyo, sinema tuliijua kwa nje tu. Sisi wasichana tungeingia na nani, na kwa ruhusa ya nani? Lakini penye mlango palikuwa na kabati la kioo, na ndani yake walitundika picha za filamu ya wiki hiyo, nyeusi na nyeupe, zinang'aa kama viatu vya Idi. Tulizozipenda ni za wapelelezi: mwanamume aliyevuta kofia mpaka jichoni, mwanamke ameshika simu huku akitazama dirishani, maiti inayoonekana viatu tu.

Rafiki yangu Halima, wa Pumwani, alikuwa na bahati. Baba yake alikuwa mkata tiketi pale, na filamu ilipoondoka, picha zilizochanika pembe aliachiwa yeye. Alizileta nyumbani, Halima akazitia kwenye sanduku la bati, na hukuzigusa kabla hujanawa mikono na kuonyesha kucha. Nyingine tuliwanyang'anya wavulana kwa ushindi halali wa bano, mchezo wa gololi, maana Halima alikuwa na shabaha kuliko wao.

Alasiri, tukishachoka kukwepa mpira wa kati na kuruka kamba ya blada, tulikusanyika barazani kwao. Mama yake alitupa kaimati, Halima akapanga picha mkekani na kuanza kusimulia. Filamu yenyewe hakuwahi kuiona, wala sisi.

"Mtazameni huyu mjane," alituambia siku moja. "Analia, sawa. Lakini hereni zake zimelingana na gauni. Mtu aliyeshtukizwa na msiba anapata wapi wasaa wa kuchagua hereni?"

Tulisisimka mpaka nywele. Mama yangu akaja kunitafuta, mkono kiunoni. "Nyambura! Hao wenye kofia ndio watakaokuchotea maji?" Kisha akasimama palepale, mtungi mkononi, mpaka akajua nani kamuua bwana yule.

Mwalimu wetu alisema Halima atafika mbali. Lakini sinema ikafungwa, jumba likawa ghala la magodoro, na baba yake akakosa kazi, karo ikamshinda. Muhula haujaisha, wakahamia kwa jamaa zao Voi. Asubuhi ya safari tuligawana picha, yeye wapelelezi, mimi washukiwa. "Wachunge," akaniambia, "wasitoroke." Tulicheka, kwa sababu tulidhani Voi ni karibu.

Zangu hazikudumu. Nilipokuwa shule ya bweni, paa lilivuja, zikashikana kama chapati za jana. Mama alijaribu kuzibandua, sura za watu zikabaki migongoni mwa wenzao. Za Halima sikupata habari zake.

Sasa nimestaafu, naishi Tassia, nami nimerudia ukusanyaji. Jumamosi hunikuti nyumbani. Nazunguka Gikomba kwa wauza fremu kuukuu, na Kariokor kuna fundi wa mikoba anayeniwekea akiokota. Mwanangu hunishangaa: "Mathe, unanunua picha za watu hata huwajui, na walishakufa!" Yeye ana picha elfu za chakula chake mwenyewe kwenye simu.

Ni huko Gikomba mama mmoja muuza leso alinisikia nikiulizia, akasema, "Wifi yangu Halima, wa Eastleigh, zamani alikuwa mgonjwa wa hizo picha."

Kumbe alisharudi Nairobi miaka mingi, akiuza vitambaa kwa jumla. Nimepita chini ya duka lake mara ngapi nikienda kununua mapazia!

Tulikumbatiana katikati ya majora ya vitambaa, tukalia. Kisha nikamtandazia picha zangu mezani. Mjukuu wake Zuhra, msichana wa chuo, akaipiga moja picha kwa simu, akaitafuta mtandaoni, na kabla hatujakaa vizuri akasema, "Shosh, nimeipata. Hii ni rahisi, muuaji ni dokta."

"Ah," Halima akasema. "Dokta."

"Achana na simu," nikamwambia Halima. "Tusimulie wewe, kama zamani."

Aliishika picha ile kwa muda mrefu. Nilimwona akitafuta, macho yanazunguka kutoka kofia hadi dirisha. Halafu akairudisha kwenye rundo taratibu.

"Nimesahau namna yake, Nyambura. Biashara na watoto... Siku moja nilikaa nisimulie, nikakuta hakuna kitu. Na hii ya leo tumeshaambiwa muuaji ni nani."

Mteja akaingia, Halima akasimama kumpimia kitambaa.

Vijana wa leo wanajua mwisho wa kila filamu kabla haijaanza, nao hawaonekani kufurahi sana. Sisi hatukujua mwisho wa hata moja, lakini tulikuwa na Halima, na baraza lilijaa. Laiti mtu angemlipia karo ya muhula ule tu, akabaki shuleni nasi.