Siku Nilipompitisha Mkaguzi kwenye Waya

Leo nacheka, lakini siku ile niliomba ardhi ya Sumbawanga ipasuke inimeze, maana niliaibika mbele ya shule nzima.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa, mimi mwalimu mgeni wa fizikia kutoka Mbeya, bado sijathibitishwa kazini, na mkaguzi ndiye amekuja kuamua kama nabaki au narudi kwa mama kulima viazi. Nikawaambia wanafunzi kuna waya mwembamba mno, elektroni zimejipanga humo mstari mmoja, hazipishani, na kwa kuwa zinachukiana kama wake wenza kila moja inang'ang'ania nafasi yake, basi umeme haupiti. Wakanikodolea macho. Hapo ndipo likanijia wazo (heri ingenijia malaria): twendeni nje.

Nyuma ya darasa tulikuwa tunafyatua matofali ya kujitegemea, na kati ya mashimo mawili ya udongo yaliyojaa matope palikuwa na tuta la kupita mtu mmoja tu. Nikawapanga kidato cha tatu juu yake, kisha kwa kujipendekeza nikamweka mkaguzi mwisho wa mstari. "Ndugu mkaguzi, utahakikisha mwenyewe kwamba hapa hakipiti kitu."

Nikamsukuma wa kwanza kidogo. Hakuna aliyesogea. "Mnaona? Waya umegoma!" Nikanogewa, nikasukuma kwa bega, mstari mzima ukaachia kwa mpigo, na huko mwisho nikasikia chubwi! Mkaguzi yuko kwenye matope hadi kiunoni.

Nikakimbilia, "Shikamoo mzee, samahani mzee" (shikamoo gani tena, na asubuhi nilishamwamkia), nikamvuta, nikateleza, nikamwangukia. Shule nzima, iliyokuwa inachungulia madirishani, ikaangua kicheko.

Mzee akajifuta uso, akawageukia wanafunzi. "Aliyesukumwa ni yule wa kwanza, naye yuko palepale. Mbona nimeanguka mimi?"

Mikono ikanyooka, hata wa Sesilia, binti ambaye sikuwahi kumsikia sauti darasani, naye ndiye akajibu. "Kila mmoja kamsukuma jirani yake, mzee. Mwalimu kazidisha nguvu, waya ukashindwa kugoma."

"Wameelewa," mzee akaniambia. "Utabaki hapa, mwalimu. Sasa nitoe."

Angeweza kunimaliza siku ile, na nisingemlaumu. Nimezeekea huku Ufipa, nimeoa hapa, nimezaa hapa, na yote namshukuru yeye. Somo lile nililifundisha mpaka nastaafu, ila kwa chaki, na mgeni kwanza nampa kiti.