Sakafu Isiyo na Mistari

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, aliweka vigae kwenye nyumba za watu kwa miaka thelathini na nne, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemsikia akisifu sakafu ya fundi mwingine. Hata msibani, kabla hajawapa wafiwa pole, macho yake yalikuwa chini, yanakagua. Yeye vigae alivibananisha mpaka njia ya katikati ikawa nyembamba kama unywele, kisha akaiziba kwa saruji ya rangi ileile, usijue kigae kimeanzia wapi wala kimeishia wapi. Ndiyo maana wakamwita Unywele. Kulikuwa na fundi mwenzake aliyeacha njia pana na kuziziba kwa saruji nyeusi, na fundi huyo alipachikwa na Unywele jina la Barabara. "Ukiingia nyumba aliyoiwekea vigae Barabara," alikuwa akisema, "angalia kulia na kushoto, utagongwa na lori."

Basi mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka. Akautia mfukoni. Mwaka mzima alizungumza na watu mkono mfukoni, utadhani ametumwa kukagua shule. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu aliumbuliwa na mlango wa choo chake mwenyewe. Alifika pale kizingitini, miguu ikaganda, kiwiliwili kikaendelea na safari. Alipoanguka mara ya pili jino liling'oka. Hakuuliza habari za jino, aliuliza kama kigae kimepasuka.

Daktari akautaja ugonjwa: Parkinson. Akasema hauponi, ila mtu anaweza kuishi nao akifanya mazoezi. Shemeji alisikia hiyo "hauponi" tu. Miezi mitano dada yangu, mwenye mgongo mbovu, alimshika kiunoni kumpeleka chooni, kisha akabaki mle ndani akitazama ukuta mpaka bwana amalize. Wote wawili waliona aibu na hakuna aliyesema. Mimi nilihamia kwao kusaidia, ila hakukubali nimwinue wala nimpeleke chooni, nikabaki na kazi ya mdomo tu.

Mtoto wao mkubwa akaja akasema bila kuzunguka: "Baba, mwisho wa mwezi, kama hujaweza kwenda chooni mwenyewe, unahamia kwangu. Nitaweka mtu wa kukuhudumia. Mama atavunjika mgongo."

"Mtu gani huyo wa kunivua suruali?" shemeji akafoka. Lakini kesho yake akaomba apelekwe kwenye mazoezi.

Kwenye hospitali tuliyompeleka, ukumbi wa kuingilia uliwekwa vigae na yeye. Akatuonyesha kwa kidevu, kifua mbele, halafu akaganda katikati yake kama msumari. Watu wakatupita. Mtaalamu wa mazoezi, mwanamke kijana asiye na haraka, akaja akamshika kiwiko, tukamkokota mpaka chumba cha mazoezi. Vigae vya chumba hicho aliviweka Barabara, mistari myeusi mipana kama kidole.

"Mzee, usifikirie kutembea," mtaalamu akamwambia. "Uone mstari, uuruke. Kisigino kwanza. Hesabu kwa sauti."

"Moja," akasema shemeji, akavuka. "Mbili." Akavuka. Akafika ukutani, akazunguka taratibu kwa duara pana alivyofundishwa, akarudi. Nakwambieni, bwana harusi hatembei vile.

"Miguu ni mizima," mtaalamu akaeleza. "Ubongo ndio unakwama kuanzisha hatua. Jicho likipata kitu cha kuruka, ubongo unapita njia nyingine. Nyumbani sakafu ikoje?"

"Haina hata mstari mmoja," dada akajibu.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Shemeji hakucheka. Njiani akatangaza kwamba sakafu yake haitachorwa na mtu yeyote maadamu yeye anapumua. Dada alipobandika utepe mweusi mlangoni pa choo, aliamuru ubanduliwe. Kwa wiki tatu alifanya mazoezi hospitalini akatembea vizuri kwenye kazi ya Barabara, na akirudi nyumbani anabebwa. Nilimwonea huruma, nakiri, lakini hasira ilitangulia, kwa sababu kila asubuhi nilimsikia dada yangu akiguna kwa maumivu huku akimwinua.

Mtoto akapiga simu: anakuja Jumamosi na gari.

Ijumaa baada ya chakula cha mchana dada alimwinua, mgongo ukamkata, akapiga magoti. Akabaki hapo chini, amekishika kitanda, hawezi kunyanyuka. Shemeji alimtazama, kisha akaitazama sakafu yake.

"Shemeji," akaniita. "Kalete rangi nyeusi na brashi."

Nilichora mimi, kwa magoti, kutoka kitandani mpaka chooni. Yeye amekaa kwenye kiti, anatoa amri. "Umepinda huo! Hatua yangu si ya sungura, weka mbali! Mungu wangu, wewe ni mbaya kuliko Barabara!" Nikamwambia afunge mdomo au nimchoree na usoni. Mkono wangu si wa fundi. Mistari ilitoka kama mbavu za mbwa mwenye njaa.

Rangi ilipokauka akasimama. Dada alinyoosha mikono, shemeji akamkataza kwa kichwa. "Moja," akasema. Akaulaani mstari, akauvuka. "Mbili." Akaulaani na huo. Alifika mlangoni, pale pale palipomng'oa jino, akasita, mguu ukatetemeka. Akainua goti, akapita.

Mlango ukafungwa. Tukasikia komeo likivutwa kwa ndani, kitu ambacho hatukuwa tumekisikia kwa zaidi ya miezi mitano.

Dada yangu akajikokota mpaka pale, akabisha kwa kidole kimoja. "Mzee? Uko salama?"

Akabisha tena.

"Kuna mtu!" shemeji akafoka.