Mbuzi wa Kumtembeza Baba

Siku hizi mbuzi wa baba hulia mlangoni kwangu kabla jua halijapanda, kelele ya kusikika hadi Habaswein, nami hukumbuka alivyoingia nyumbani kwetu Galbet, mtaa wa Garissa.

Baba alikuwa mfanyabiashara wa mifugo. Ujanani aliswaga ng'ombe kwa miguu mpaka soko la Garissa. Uzeeni akawa mtu wa gari, hata msikiti wa jirani akipelekwa. Kifua kilipoanza kumbana tukaenda hospitalini. Damu ikapimwa. Daktari akasema kolesteroli mbaya imezidi, nzuri ni haba. Akampa vidonge, akamwagiza atembee kila siku.

Vidonge alimeza. Kutembea akakataa katakata.

Mimi ndio kwanza nilikuwa nimemaliza ngumbaru, masomo ya watu wazima, na biolojia niliyokuwa nayo kichwani ingetosha kaunti nzima. Nikafungua kopo la nyirinyiri, nyama kavu iliyohifadhiwa kwa mafuta, ambalo mama alisahau kulifunika vizuri. Harufu ilifukuza paka wote wa mtaa. Nikamsogezea baba.

"Aabo, unaona mafuta haya? Hewa imeyachachua. Kolesteroli mbaya nayo, ikijibanza kwenye ukuta wa mshipa, huharibika hivihivi, uchafu ukarundikana mpaka njia ya damu ikawa nyembamba. Ile nzuri huikinga isichache, tena huzoa iliyozidi na kuirudisha kwenye ini. Ukitembea, huenda ikaongezeka."

"Waryaa, kijana, nilikuelewa tangu kopo lilipofunguka," akasema, mkono puani. "Lakini nitembee niende wapi? Mwanamume anayezunguka bila mnyama mbele yake, watu watauliza kapotelewa na nini. Siku ya pili watanichangia."

Mama akacheka mpaka mtandio ukaanguka. Mimi sikucheka. Niliogopa tungemzika baba kwa ajili ya aibu tu.

Kesho yake nikarudi kutoka sokoni na mbuzi jike mweupe, mwembamba, mkaidi ajabu.

"Huyu hali majani ya hapa," nikamwambia baba. "Anataka ya kule mtoni."

Baba akamtazama mbuzi, akanitazama mimi. Alijua. Akachukua bakora.

Zile asubuhi! Mbuzi mbele, baba akimfuata huku akimtukana kwa mapenzi, mimi nyuma kabisa nikihema kama punda wa maji. Alinisimulia safari zake za zamani, na simba wakazidi kuongezeka kila tulipokata kona. Akisalimiwa, alinyoosha bakora: "Nampeleka mnyama malishoni." Heshima salama.

Miezi ikapita, tukarudi kupimwa. Kolesteroli nzuri ilikuwa imepanda, kidogo tu, ingawa mtaani nilitangaza imefika mawinguni.

"Mzee, umefanyaje?" daktari akauliza.

"Nilipewa mbuzi."

"Ukamla?"

"Astaghfirullah! Mtu atamlaje daktari wake?"

Sasa baba anaishi Rhamu kwa dada yangu, ambako kuna mifugo ya kumtembeza hadi achoke. Mbuzi akaniachia. Juzi baba akapiga simu.

"Mnyama hajambo?"

"Hajambo, Aabo."

"Na hilo tumbo lako, bado linakua?"

Mlangoni mbuzi akalia, nami nikaitafuta bakora.