Baba Ghati Yuko Zizini

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Arafa Maftah amesimama uani kwa watu kijijini Nyangoto, wilayani Tarime. Anapiga hodi kwa sauti ambayo hata wachimbaji waliozama mashimoni wangeweza kuitikia "karibu".

"Arafa, punguza sauti! Utamshtua ng'ombe," sauti inajibu kutoka zizini.

Ndani ya nyumba, mtoto wa kike wa miaka minne anabishana na mama yake juu ya viatu. Anataka cha kushoto kikae kulia, na hataki ushauri. Huyo ndiye Ghati. Miezi sita iliyopita hakuwa na nguvu ya kubishana na mtu. Alikuwa na kilo kumi, na kikohozi kisichomwacha alale.

Leo wanakwenda kliniki kuchukua majibu ya kipimo cha wingi wa virusi, kitakachoonyesha kama dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi alizoanza wakati ule zinafanya kazi.

"Usiku wa kuamkia majibu huwa silali," anasema Arafa. "Mume wangu husema nageuka kitandani mpaka shuka linapata shimo."

Arafa ana miaka 47. Ni fundi cherehani katika soko la Nyamongo, na wateja wake wengi ni wachimbaji wadogo wa dhahabu. Anaapa kwamba kuna suruali ameitia viraka kwa miaka sita mfululizo, hadi ile ya awali imebaki zipu peke yake.

Siku tatu kwa wiki hukifunika cherehani na kugeuka WAVIU mshauri, yaani mtu anayeishi na VVU na kutumia dawa, anayewashika mkono wenzake waanze na wasiache. Yeye alianza mwaka 2009. Kwa kazi hiyo hupata posho ya nauli, shilingi 60,000 kwa mwezi. "Hiyo huisha Yassini akipiga honi tu," anasema, akimaanisha kijana wa bodaboda anayemzungusha vijijini.

Kwake, wagonjwa wagumu kuliko wote ni watoto, ingawa ugumu wenyewe hautoki kwa mtoto.

"Mtu mzima unamwambia meza. Atameza, au atakukatalia usoni ujue moja. Mtoto, lazima kwanza umpate yule aliyemshika mkono."

Kwa Ghati, kumpata mtu huyo kulimtoa Arafa jasho na aibu.

Nyangeta, mama yake Ghati, alimleta mtoto kliniki mwezi Februari. Wote wawili walipimwa, wote wakakutwa na maambukizi. Nyangeta akakubali kuanza dawa siku hiyohiyo. Ilipofika zamu ya mtoto, akainamisha kichwa. Akasema hawezi, mpaka baba yake akubali, na baba hataki. Wakakubaliana aende nyumbani akaongee naye, arudi baada ya siku tatu.

Siku ya tisa, Arafa akapewa kikaratasi pale kliniki chenye maneno matatu: "Baba amekataa. Atafutwe."

"Nilipokisoma damu ilinichemka," anakumbuka. "Nikamwona huyo mwanamume kabisa. Buti za mpira, macho mekundu, leo ana hela kesho hana, na ngumi kama mchi."

Njia nzima alikuwa akipanga maneno ya kumwambia. Yassini, akisikia mtu anafoka mgongoni, akadhani anagombezwa yeye, akapunguza mwendo. Arafa anasema lilikuwa jambo la kwanza la namna hiyo tangu pikipiki ile inunuliwe.

Nyangoto walisimama kwenye kibanda cha chai. Arafa akauliza anakokaa baba Ghati. Mchimbaji mmoja, Ezekiel, akaweka kikombe chini.

"Baba Ghati? Mwembamba hivi, mkali, hacheki na mtu?"

"Huyohuyo!"

"Yuko zizini. Ila jiandae, mama. Yule humshindi kwa kelele."

Kibanda kizima kikaangua kicheko. Arafa akadhani wanacheka kwa sababu jamaa ni mkorofi wa kijiji. Akamwomba Ezekiel amsindikize.

"Mimi?" Ezekiel akaruka. "Mama, mimi namwogopa kuliko wewe."

Zizini Arafa alimkuta ajuza mmoja amechuchumaa chini ya ng'ombe, anakamua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Namtafuta baba Ghati."

"Umempata."

"Bibi, nina haraka. Niitie mwanao."

"Mwana wa kiume sina. Ningekuwa naye, ningeoa ya nini?" Hakuacha kukamua. "Ng'ombe wanane walitoka kwenye zizi hili kwenda kumleta mama yake. Baba ni mimi. Sema."

Ajuza huyo ni Bhoke, mwenye miaka 69. Majina ya familia hii yamebadilishwa ili kumlinda mtoto, na hilo la Bhoke amelichagua mwenyewe baada ya kukataa mengine manne.

Ndoa yake na Nyangeta ni ile ambayo Wakurya huiita nyumba ntobhu. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume anatoa mahari, anaoa mwanamke mdogo, na watoto watakaozaliwa wanakuwa wa nyumba yake. Kuna familia ambazo mkubwa huyo huitwa bibi. Hapa Ghati anamwita tata, yaani baba kwa Kikurya, na hajui baba mwingine.

Arafa hucheka mpaka anashika mbavu akifika hapo. Ni Mwislamu wa Tarime mjini, mjukuu wa mfanyabiashara aliyetoka pwani. "Nimezaliwa hapa, nimekulia hapa, magauni ya harusi za namna hiyo nimeshona kwa mikono hii! Lakini karatasi ikishaandika baba, kichwa kinaona ndevu."

Kicheko hakikumaliza kazi, kwa maana Bhoke alikuwa amekataa kweli.

"Nilimuuliza Nyangeta, hiyo dawa ni ya siku ngapi?" anaeleza Bhoke mwenyewe, akifunga kamba ya lango la zizi. "Akasema ni ya kuanza, haina kumaliza. Nikasema basi, wametukatia tamaa."

Amefuga tangu anajua kutembea. Kwake, dawa ina siku zake. Ng'ombe akiumwa anachomwa sindano siku tatu, akizidi sana tano. Mganga wa mifugo akisema endelea tu, endelea tu, mwenye akili anaelewa kwamba ng'ombe huyo amekwisha, na anamwita mwenye bucha kabla hajakonda zaidi.

"Na Ghati ni mmoja," anaongeza. "Nyumba hii haina mwingine. Nimwanzishie dawa ya kuagana naye?"

Arafa hakubishana. Alivua ndala, akakaa kwenye nyasi kavu za ng'ombe na gauni lake jipya, akafungua mkoba na kutoa kopo lake la vidonge.

"Nikamwambia, mimi nimeanza hizi mwaka 2009. Hata mimi zangu hazina kumaliza. Haya, niangalie. Utamwita bucha?"

Bhoke akanyanyuka. Akamzunguka mara moja, kama watu wanavyozunguka mali mnadani. Akamwambia asimame. Akamwambia afungue mdomo.

"Meno aliyahesabu!" anasema Arafa.

"Niliyahesabu," anakubali Bhoke. "Kisha nikamwambia, bucha angepata faida."

Ndipo walipocheka wote wawili, na ng'ombe akatoka bila kukamuliwa vizuri. Kicheko kilipoisha, Bhoke akauliza kwa sauti ndogo kama mtoto akianza leo ataishi mpaka ang'oe meno ya utoto.

"Nikamwambia, bibi, mimi si Mungu. Lakini akizinywa kila siku, wengi niliowaona wameng'oa, wakaota mengine, na sasa wanayatumia kuwang'ata bibi zao."

Mchana wa siku hiyo pikipiki mbili zilitoka Nyangoto kwenda kliniki. Ghati akaanza dawa siku ileile.

Vidonge vya umri wake huyeyushwa kwenye maji safi kidogo. Mtoto anakunywa yote, kisha kikombe kinasuuzwa kwa maji kidogo, nayo anayanywa. Kila siku, saa ileile. Saa ya ukutani nyumbani kwa Bhoke ilikufa zamani, kwa hiyo alichagua saa anayoiamini: akitoka kukamua asubuhi, mtoto anakunywa. Mwezi wa tatu wa dawa, ng'ombe akakauka maziwa. Bhoke hakubadili kitu. Aliendelea kuingia zizini alfajiri, anakaa na ng'ombe kidogo, anarudi mikono mitupu, anatoa dawa.

Wiki ya pili ilikuwa mbaya. Ghati alifunga mdomo, akatema, akamlowesha mama yake. Nyangeta alimpigia Arafa simu akilia. Suluhisho likapatikana kwa bahati: Ghati alisema atakunywa kama tata naye anakunywa. Tangu hapo Bhoke hujimiminia maji matupu, wanagonganisha vikombe, na yeye hukunja uso kana kwamba anakunywa nyongo ya fisi.

"Siku moja alizidisha kukunja," anasimulia Nyangeta. "Ghati akamaliza chake, akamwambia, tata, pole, lete nikusaidie."

Nyangeta ni mtu wa maneno machache. Anaulizwa ni lini alijua kwamba Bhoke amekubali kwa moyo.

"Siku alipoacha kuniuliza dawa itaisha lini."

Saa nne asubuhi, kwenye benchi la kliniki, muuguzi Lilian anaita mzazi wa Ghati. Wanasimama wawili. Muuguzi anawapisha wote, na Arafa anabaki mlangoni akitafuna pindo la mtandio.

Mtoto anapimwa kwanza: kilo kumi na tatu na nusu. Kisha muuguzi anafungua faili, anasoma, anatabasamu kabla hajasema. Virusi vimeshuka mpaka kipimo hakivioni.

"Havionekani?" Bhoke anauliza. "Vimekwenda wapi?"

"Vimejificha, bibi. Havijatoka mwilini. Ukiacha dawa, vinarudi."

Bhoke anatafakari. "Kama wezi wa ng'ombe."

"Kama wezi wa ng'ombe."

"Basi hatulali," anasema, na anamgeukia Nyangeta. "Umesikia, mama Ghati? Hatulali."

Nyangeta ameficha uso kwenye shingo ya mtoto, mabega yanatikisika. Nje, Arafa amemkumbatia Yassini, ambaye hajui amefanya nini cha kustahili.

Mwaka huu watoto tisa wameanza dawa baada ya Arafa kubisha hodi kwao. Anatamani kuona kila mtoto aliyekutwa na maambukizi akianza siku ileile, bila watu wa nyumbani kubaki na hofu wasiyoulizwa. Kesho anakwenda Mbalibali, wilayani Serengeti, safari ya kutwa nzima. Mshauri mwenzake wa huko, Agness, amemwomba msaada: kuna mtoto wa miaka sita ambaye hajaanza. Ujumbe uliokuja kwenye simu unasema bibi yake amekataa.

Arafa anausoma tena, anaizima simu.

"Sitamuuliza kwa nini amekataa," anasema. "Nitamwamkia, nitakaa chini, nitamuuliza anafuga nini, analima nini. Aongee mpaka achoke. Hofu yake itapita humohumo kwenye maneno, nami nitaijua nikiiona."