Mwalimu wa Kemia na Mpira wa Dirisha

Safari hii ilitokana na sketi ya ngozi. Marehemu mama mkwe wangu alikuwa Mbarabaig wa Hanang, na sketi yake ya ndoa ilibaki kwa mke wangu, Paulina. Mdogo wa marehemu, mama mdogo wa Paulina aliyeko Getanuwas, aliomba aivae kwenye harusi ya bintiye. Mimi, mwalimu wa kemia kutoka Tabora, nikasema nitaifikisha salama.

Nilikuwa na gari kuukuu la kambi lililokuwa la watalii, lenye kitanda na jiko ndani, na majivuno yangu yalikuwa makubwa kuliko injini yake. Mpira wa dirisha la paa ulikuwa unanata, hivyo kila wiki tangu likizo iliyopita niliupaka grisi. Uling'aa, nami nikajisifu.

Jumamosi saa mbili asubuhi tulitoka nyumbani kwetu Masieda. Paulina aliifunga sketi kwenye khanga, akailaza kitandani.

Saa nne, Dongobesh. Nilisimama kwenye duka la spea kununua grisi nyingine. Muuzaji, dada mwenye aproni ya madoa ya oili, alipanda juu akaubonyeza mpira.

"Mwalimu, umevimba huu. Grisi ni ya vyuma. Mpira unaoshwa na sabuni, unakauka, unapuliziwa silikoni."

"Dada, mimi kemia naifundisha."

"Haya, mwalimu. Grisi yako hii hapa."

Saa nane mvua ilitukuta tukiteremkia Hanang. Mpira uliolegea ukachomoka kwenye fremu, maji yakamwagika kitandani. Sketi ililowa chapachapa. Jua liliporudi, mtaalamu nikapata wazo jingine: kuianika juu ya boneti la moto.

"Acha, tumpelekee hivyo hivyo," Paulina alisema.

Nikamfundisha habari za uvukizi, nikaianika.

Saa kumi na moja, Getanuwas.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Karibuni."

Alifungua khanga akakuta ngozi ngumu kama ubao. Alichota samli, akaanza kuisugua taratibu kwa viganja.

"Ngozi inataka samli," alisema hatimaye. "Ikilowa, unaianika kivulini, unaisugua ingali na unyevu. Ninyi mlianika wapi?"

Nikamwambia. Ukanda wa kiunoni ukakatika mikononi mwake. Paulina alitoka nje, nikamsikia akilia. Niliona aibu kali. Kesho yake, harusini, mama mdogo alivaa kitenge.

Jumatatu, wakati wa kurudi, nilimwomba radhi yule dada wa Dongobesh, nikanunua mpira mpya na silikoni. Alinionyesha jinsi ya kupuliza kidogo na kufuta inayozidi. Hakunicheka, na hilo liliniuma zaidi.

Nimejifunza kwamba kila kitu kina mafuta yake, na kwamba dukani mwalimu naye ni mwanafunzi. Tulipofika nyumbani nilimwaga ndoo nzima ya maji juu ya paa, halikupita hata tone. Nikamwita Paulina aone.

"Vizuri," alisema. "Sasa humo ndani utaweka nini?"