Ndege ya Mzee Kilonzo: mnazi uliivunja, wema wa fundi mashua ukataka kuimaliza

Wakuu, hodi humu ndani.

Jana nimeona mnamcheka jamaa anayejiundia gari nyumbani. Nikasema ngoja niwaletee ya ndege. Na hii si chai, bawa moja nililishona mwenyewe kwa mkono.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, huko Diani. Mimi mtu wa Kakamega, nilikuwa fundi wa mapazia na makochi katika hoteli moja ya ufukweni. Wageni walipopungua tukapewa likizo ambayo hakuna aliyejua inaisha lini. Nikawa nashinda Kinondo kwa Mzee Kilonzo.

Mzee huyu ni Mkamba, mekanika wa ndege aliyestaafu. Alikuwa amejiundia ndege uani kwake, ya mbao na kitambaa, kiti kimoja tu. Na ilikuwa inaruka kweli.

Kisha zikaja mvua za El Niño, mnazi ukaangukia bawa la kushoto. Majirani walikuja kutoa pole kama kuna msiba. Mmoja alileta sukari.

Meneja wa hoteli nyingine akasikia. Akamwomba Mama Ndinda, mke wa mzee, awape ile ndege waitundike juu ya kaunta ya baa. Mama akakubali palepale, akamwambia mumewe mbele yangu, "Baba Ndinda, nakupa mpaka Krismasi. Kama haijaruka, inaenda baa."

Mzee hakubishana, ila siku hiyo hakugusa chakula. Nilimhurumia sana. Mtu aunde kitu miaka na miaka, halafu kiishie kuning'inia juu ya walevi?

Basi akatafuta watu. Kazi ya mbao akampa Fundi Bakari, Mdigo wa Munje, muunda mashua. Mtu mpole mno, ukianza kusalimiana naye chai inapoa. Kitambaa nikapewa mimi.

Siku ya kwanza nilishona kwa madoido kama ya hoteli. Mzee akafumua yote. "Kijana, hili si kochi," akasema, akanionyesha namna ya kukifunga kitambaa kwenye kila ubavu wa mbao ndani ya bawa.

Halafu kuna ile dawa ya kupaka ili kitambaa kikaze. Wakuu, harufu yake usiombe. Kuku wa Mama Ndinda walikuwa wanatembea upande upande.

Mwisho kabisa mzee akatoboa vitundu vidogo upande wa chini wa bawa, ili maji yakiingia ndani yapate pa kutokea. Mimi alinieleza. Fundi Bakari siku hiyo alikuwa kwao, kuna harusi.

Mzee akasafiri kwenda Nairobi kumtafuta mkaguzi, maana bila sahihi yake hairuki. Huku nyuma mvua za vuli zikapiga, na banda la makuti tulimoiweka ndege lilikuwa linavuja kama chujio.

Desemba mkaguzi akaja. Yule meneja aliyeitaka kwa baa yake naye akaja "kutazama tu". Alikuja na lori.

Mkaguzi akaweka mizani chini ya magurudumu. Upande wa kushoto ukawa mzito kuliko wa kulia, na si kidogo. Akapima tena, vilevile. Akasema mbao mpya huenda imenyonya maji, bawa lifunuliwe lote na kazi ianze upya.

Hapo niliona Krismasi itatupita, wakuu. Mzee alikaa juu ya debe. Meneja akaanza kuulizia kamba.

Fundi Bakari akanivuta kando. Uso umemshuka.

"Mwanangu, nina neno. Mzee aliposafiri niliona bawa lina matundu chini. Nikasema masikini, kasahau kuyaziba. Nikamsitiri. Nimeyaziba yote kwa pamba na mafuta ya papa, na rangi nikapaka juu."

Msimcheke. Kwa muunda mashua, tundu chini ya chombo ni mauti. Na kwa watu wa kule, kumwambia mzee mwenzio kwamba amesahau ni kumvunjia heshima, unarekebisha na kunyamaza.

Nikamwambia twende tukaseme. Akasema ni aibu. Nikamshika mkono tukaenda hivyo hivyo, na akasema mwenyewe.

Mzee akalala chali chini ya bawa, akachokoa pamba ya kwanza. Maji yote yakammwagikia mdomoni, na yananuka papa. Tulicheka mpaka mkaguzi akavua miwani.

Kisha mkaguzi huyohuyo akatunyamazisha. Akasema maji yale, ndege ikikata kona angani, yangekimbilia ncha ya bawa, na mzee asingerudi.

Wahenga walisema nia njema ni tabibu. Hii ya kwetu nusura itupeleke makaburini.

Mzee akajifuta uso, akampa Bakari mkono. "Fundi, wewe ukiziba, umeziba."

Bawa likakauka, mkaguzi akachungulia ndani, akakuta mbao ni nzima. Akapima, akatia sahihi. Lori likarudi tupu.

Siku chache kabla ya Krismasi ndege ikapaa. Ikaelekea upande wa kisiwa cha Chale, ikapinda, ikarudi juu yetu. Bakari alikuwa anasoma dua huku anacheka. Mimi nililia, sioni haya kusema.

Mama Ndinda alikuwa ameketi kwenye nyasi, kafunika uso kwa leso. Nikamwambia mzee ameshinda.

Akasema, "Ikiwa imetundikwa baa, haiwezi kuanguka na Kilonzo. Ni hilo tu nililotaka."

Mzee alipotua, mama akamwambia maneno hayohayo, kwa mara ya kwanza. Mzee akauliza mbona hakusema tangu mwanzo.

"Ungeacha?"

Mzee akaketi kando yake, akasema, "Ningeacha."

Na nilimwamini.

Baada ya hapo aliruka mara kadhaa, ila alikuwa anamuuliza mkewe kwanza. Kuna asubuhi mama alisema leo hapana, na mzee akarudi ndani kunywa chai.

Nilichojifunza: mficha uchi hazai. Ukimwona mwenzio kakosea, muulize. Ukimwogopea, mwambie. Fundi Bakari na Mama Ndinda walimpenda mzee kimya kimya, mmoja nusura amuue, mwingine nusura amnyang'anye furaha yake.

Haya, uwanja ni wenu. Nani humu alishasaidiwa bila kuulizwa mpaka akajuta? Na wale wa chai, nendeni Kinondo mkaulize.